Fidla, Presha na Jicho la Sajini

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya muziki, daktari wa meno aling'atwa kidole, na kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema msije mkadhani anayewaandikia ni mtaalamu. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa na askari, nikazaa watano. Kazi niliyoajiriwa ni kupiga deki. Lakini nimewachagulia wagonjwa muziki wa kutuliza kwa miaka kumi na minne, na mjukuu wangu Apio, anayesomea uuguzi na kuongoza darasa lao (hilo nalisema hata nisipoulizwa), ameniambia niandike ninayoyajua kwa ajili ya vijana wanaoingia kazi hii. Basi naandika. Ninayoyajua si mengi, na mengine mpaka leo yananichanganya.

Kliniki ya meno ilikuwa Wandegeya, ghorofani, juu ya maduka ya kuchapisha karatasi za wanafunzi. Chini mashine zinanguruma kutwa, juu daktari anang'oa. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi alisikia yote mawili, na wengi walishuka ngazi wakisema wanakwenda kununua maji ya kunywa. Hayo maji sijui waliyanunua nchi gani, maana hawakurudi. Ndipo Daktari wa Meno akaleta sanduku la sidii kutoka huko Ulaya alikosomea.

"Nnyabo," akaniambia, yaani mama, "wewe ndiye unashinda hapa mapokezi. Huu ni muziki wa kutuliza. Weka moja, watu wakae."

"Niweke ipi, daktari?"

"Yoyote. Zote ni za kutuliza. Si imeandikwa juu?"

Kuandikwa iliandikwa, lakini kwa herufi zilizobebana kama kuni, na mimi hata Kiingereza nakisoma kwa kukisukuma. Nikachagua yenye picha ya ziwa. Ilianza vizuri sana, kama mtu anayefagia ua bila haraka. Daktari akamwita ndani mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, akampanulisha mdomo, akatia kidole kutafuta jino bovu. Mara, bila hodi, okestra nzima ikaruka pamoja: matarumbeta, ngoma, matoazi, kama lori la soda limepinduka kwenye mteremko. Mwanafunzi akafunga mdomo. Kidole cha daktari kilikuwa bado ndani.

Okestra, kwa wasioijua, ni watu wengi wanaopiga ala kwa pamoja wakimtazama mmoja mwenye kijiti. Na watu wakiwa wengi hawakai kimya muda mrefu, hata wakiwa Wazungu. Hilo ndilo somo langu la kwanza. Muziki wa namna ile nikauita mwizi: unaingia kwa kunyata, halafu unavunja mlango. Tangu siku hiyo hakuna sidii iliyofika masikioni mwa mgonjwa kabla mimi sijaisikiliza mpaka mwisho.

Nilisikiliza nikipiga deki. Kama niliweza kusukuma mopu toka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, na mkono usibadili mwendo, muziki ule ulifaa. Mkono ukikimbia, haufai. Mkono ukisimama, pia haufai. Wasomi wana kimashine chenye fimbo inayotikisika cha kupimia mwendo wa muziki. Mimi nilikuwa na mopu, na sakafu ya Daktari wa Meno iling'aa kuliko ya kanisa.

Majina ya sidii yalinishinda, kwa hiyo nikachora picha kwenye makasha yake kwa kalamu nyekundu. Kuku ilikuwa ya filimbi, inadonoadonoa. Mwavuli ilikuwa ya piano peke yake, matone yanayoanguka moja moja. Chungu ilikuwa ya fidla nyingi na chelo, polepole mno, kama maharagwe yanayochemka kwenye moto mdogo. Fidla ni ile ndogo inayoshikwa chini ya kidevu. Chelo ni dada yake mnene, anakaa katikati ya magoti, na sauti yake ni ya mwanamume anayeimba bila kufungua mdomo. Chungu ndiyo niliyoiamini kuliko zote. Kwa Chungu mopu ilikwenda yenyewe.

Daktari wa Meno alipofunga na kurudi Ulaya, alinipeleka kwa rafiki yake, Daktari Mkuu wa kliniki ya macho upande wa Mulago, kwenye ile hospitali kuu. Barua yake ilisema: "Mama huyu anajua muziki." Barua hiyo ninayo. Sanduku la sidii pia alinipa.

Kazi ya kule ilikuwa nzito zaidi, nanyi mnaoingia sasa mwielewe. Mtoto wa jicho ni ukungu mweupe unaoota ndani ya jicho la mtu mzima. Kuutoa, mgonjwa halazwi usingizi. Anapigwa sindano ya ganzi, jicho linakufa hisia, yeye mwenyewe yuko macho, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu moja. Anasikia kila kitu. Kichwa kikisogea, kisu nacho kimesogea. Na kabla ya hapo presha yake iwe chini ya mstari mwekundu kwenye kadi ya Sista, la sivyo mshipa wa damu unaweza kupasuka ndani ya jicho. Presha ikiwa juu, anarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo palikuwa na kitanda karibu na dirisha, na mgonjwa alilala hapo nusu saa na muziki wangu. Kitanda hicho kilikuwa shamba langu.

Sista Msimamizi, mwanamke mrefu asiyecheka siku za kazi, alinipokea hivi:

"Mama Okello, mimi nasoma mashine, wewe unasoma mtu. Mashine ikikataa, lawama ni yetu wote wawili."

"Na ikikubali?"

"Ikikubali, sifa ni za daktari. Ndiyo hospitali hiyo, mama. Zoea."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Nikiweka Chungu, wanafunzi walilala. Wafanyabiashara wa mjini walilala wakiwa wameshika simu. Kuna mama mmoja Mkongo, mwanakwaya, alikoroma mpaka Sista akaja kutazama. Alipoamka akaniambia, "Mama, hii iko kama kanisani kabisa. Yesu alipita hapa." Presha yake ikawa chini kama ya msichana.

Lakini wengine, sidii ileile, kitanda kilekile, presha ilipanda. Na waliopanda walifanana: wazee waliotoka kambi za jeshi, wajane wa polisi, watu wa kaskazini kama mimi, wanaosema Kiswahili cha kwata. Wakilala zaidi, wanapanda zaidi. Nikasema ni chumvi. Nikasema ni boda waliyokuja nayo. Nikamshauri Sista awape maji. Nikaongeza muda, nikapunguza sauti, nikachagua polepole zaidi ya polepole. Wakapanda. Mashine ikawa inalia na mimi naiangalia kama ng'ombe anayeangalia treni.

Sasa niseme lililo baya. Chungu ilipokuwa ikipiga, mimi mwenyewe tumbo lilijifunga. Mopu ilikwenda sawa, mkono ulikwenda sawa, lakini hapa chini ya kitovu kitu kilikaza. Nilijua tangu Wandegeya. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni ujinga wangu, tumbo la mtu wa darasa la nne halijazoea vitu vya waliosoma, kama vile lisivyozoea jibini. Imeandikwa juu kwamba inatuliza, basi inatuliza, mbaya ni mimi. Hilo kosa ni kubwa kuliko kidole cha daktari.

Halafu akaja Sajini.

Alikuwa sajini mstaafu, mrefu, mkavu, anashona viatu Nateete karibu na kituo cha teksi. Jicho la kushoto lilikufa zamani kwa kipande cha chuma. La kulia ndilo lililobaki, nalo lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Kidole gumba chake kilifungwa kitambaa, na chini ya kitambaa kulikuwa na matundu. Shazia, ile sindano nene ya kutobolea ngozi ya kiatu, alikuwa anaitafuta kwa kupapasa, na inampata yeye.

"Mama," alisema nikimlaza, "mimi hapana taka kuona dunia. Dunia nimeona. Nataka kuona shazia."

Presha ikapanda. Akarudishwa.

Alikuja mara ya pili baada ya majuma mawili. Nikamwekea Chungu, mwanzo mpaka mwisho, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Alilala kama gogo. Nikajisifu moyoni. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kitanda, na vifundo vimekuwa vyeupe. Muziki ulipofikia mwisho, fidla ya mwisho ikanyamaza, akainua kichwa.

"Sasa watasema," akasema.

"Nani watasema, Sajini?"

"Redio." Akanigeuzia jicho lake jeupe. "Mama, usinifiche. Nani amekufa?"

Nilikaa chini kwenye sakafu yangu mwenyewe niliyoipiga deki.

Nyinyi vijana hamjui, na ni vizuri hamjui. Zamani, sisi tuliokaa kambini, redio ilikuwa inapiga salamu na nyimbo siku nzima. Kisha siku moja, katikati ya wimbo, inakatika. Kimya. Halafu fidla, polepole, hakuna anayesema neno. Inapiga hivyo saa nzima, saa mbili. Maana yake mkubwa amekufa, au serikali imeanguka, na kwetu wake wa askari yote mawili yalikuwa jambo moja: mume wako yuko wapi saa hii? Nakumbuka nilikuwa napika maharagwe. Nilizima jiko kwa maji, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoa vyeti chini ya godoro nikavitia kifuani, nikakaa mlangoni kungoja mtu wa redio aseme. Wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba walikaa milangoni hivyohivyo. Hakuna aliyelia. Unangoja sauti kwanza. Mume wangu alirudi siku ya tatu na kiatu kimoja.

Na mimi ndiye niliyewawekea wazee wenzangu kitu kile, nikawafungia na mlango, nikawaambia watulie.

Presha ya Sajini siku hiyo Sista hakuitaja. Aligeuza kadi tu.

"Alhamisi ijayo," alisema nje ya chumba. "Baada ya hapo Daktari Mkuu anakwenda masomoni mwaka mzima, na jicho lile limeiva. Likiiva kupita hapo linakuwa gumu kama kokwa, kulitoa ni hatari. Alhamisi, mama. Au basi."

Nilikwenda kwa Daktari Mkuu. Alikuwa kijana, mtoto wa mjini, mpole, aliyezaliwa wakati redio zimeshakuwa nyingi mpaka hazisikilizani. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Lakini mama, huu ni muziki wa kutuliza dunia nzima."

"Daktari, sisi si dunia nzima. Sisi ni watu wa mstari wa tatu, nyumba za bati."

"Basi mwekee anachopenda."

Akarudi kwenye karatasi zake. Amri ni hiyo. Anachopenda.

Siku iliyofuata nilibeba kiredio cha sidii cha betri mpaka Nateete. Sajini alikuwa chini ya mwavuli wake wa kampuni ya simu, viatu vimemzunguka. Jirani yake, mama wa chapati, alinipa ndoo nikae. Nikaanza kumjaribisha Sajini muziki kama mtu anavyojaribishwa kiatu.

Nikaweka fidla na chelo.

"Mtu amekufa," akasema.

Nikaweka nyingine, matarumbeta ya chini, polepole.

"Serikali imeanguka."

Nyingine.

"Hiyo ni yote mawili. Toa haraka."

Nikaweka Kuku, ile ya filimbi. Akafikiri. "Hiyo ni ya kesho yake. Wameshazika, sasa wanatafuta nani alifanya."

"Sajini, wewe unanichezea."

"Mama, mimi nasema kama redio inavyosema."

Nikaweka Mwavuli, piano peke yake, tumaini langu. Alisikiliza kichwa kimeinama. "Hii," akasema polepole, "bado hajafa. Lakini yuko Mulago."

Mama wa chapati akapiga kelele kutoka kwenye moto wake, "Sajini! Mbona redio yako inalia hivyo? Nani amekufa?"

"Umeona?" Sajini akaniambia.

Nikatoa rumba ya Kongo niliyoazima kwa yule mama mwanakwaya, maana hata wanakwaya wanazo. Gitaa lilipoingia tu, mabega ya Sajini yakaanza, shingo ikafuata, kichwa kikawa kinakwenda kushoto na kulia kama kuku anayetafuta punje. Akacheka, meno yote nje. Presha bila shaka ilishuka mpaka kwenye soksi.

"Hii!" akasema. "Weka hii!"

"Kwa kichwa hicho, Sajini, daktari atatafuta jicho atakuta sikio."

Akaacha kucheka. Ndiyo hali ilivyokuwa, na ninaieleza ilivyo: muziki uliomfurahisha ulimtikisa, na uliomlaza bila kutikisika ulimtisha. Na bila muziki kabisa? Mara ya kwanza tulijaribu kimya. Kwenye kimya alisikia vyuma vya Sista vikigongana, presha ikapanda kwa ajili ya vyuma. Nilikusanya sidii zangu, zikaanguka, tukaziokota, yeye akipapasa, mimi nikiona aibu.

"Mama," alisema akinipa ya mwisho, "muziki yenyewe haina ubaya. Fidla imenifanya nini? Mimi naogopa ule mtu anakuja nyuma yake."

Sikulielewa neno hilo. Nililibeba tu, kama mtu anavyobeba mzigo wa mwingine akidhani ni wake.

Alhamisi ikafika. Sajini alikuja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, kidole gumba na kitambaa kipya. Nilikuwa nimeamua Mwavuli: hajafa bado ni afadhali kuliko amekufa. Nikamlaza, nikatia sidii, nikabonyeza. Ikatoka Chungu. Kwa kuziokota ovyo kule Nateete nilirudisha kila moja kwenye kasha la mwenzake, na mimi ambaye sisomi majina nilitazama alama ya kasha, sikutazama sidii. Nikainuka kuibadilisha. Sista Msimamizi akaingia na mashine ya presha.

"Usiguse kitu, napima."

Juu ya mstari. Si mbali, lakini juu.

"Daktari amevaa glavu tayari," alisema. "Nitapima tena huu muziki ukiisha. Hiyo ndiyo ya mwisho, mama." Akasimama palepale miguuni pa kitanda, mikono imekunjwa.

Sidii ile niliijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Si ndefu, na Sista alipomaliza kupima zilibaki kama dakika tatu. Sajini alishika kingo. Nikamshika mkono mmoja nikaubandua kwenye chuma, akashika wangu, akaubana mpaka pete ikanichoma. Watu wawili wazee tunangoja redio. Chelo ikashuka, fidla zikapungua, ikabaki moja, nyembamba kama uzi, ikanyamaza. Kimya kile kikaja. Kile kimya cha mlangoni, cha vyeti kifuani.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Mimi sikupanga.

"Hii ni redio ya Nateete," nilisema, kwa sauti ya puani, kama yule mtangazaji wetu wa zamani. "Tunawaletea tangazo maalumu."

Mkono wa Sajini ukawa chuma. Sista akanitazama kama mtu anayemtazama mwenye kichaa.

"Muhogo umefika sokoni. Ni muhogo mkavu, mzuri, wa kaskazini. Hakuna aliyekufa. Askari wote wako nyumbani kwao. Narudia. Askari wote wako nyumbani kwao, viatu vyote viwili. Tangazo limekwisha. Muziki unaendelea."

Nikabonyeza tena, ileile Chungu, toka mwanzo.

Kisha kifua cha Sajini kikapanda, kikashuka, pumzi ndefu, ndefu, kama ya mtu aliyeibana tangu ujana. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Chozi likatoka kwenye lile jicho jeupe likaingia sikioni.

"Mama," akanong'ona. "Rudia ile ya muhogo."

Nikarudia. Sista akapima. Akatazama mashine, akaipiga kofi kidogo, akapima tena. Akageuza kadi upande wangu. Chini ya mstari.

"Twende," akasema, "kabla redio haijaharibika."

Sajini alikataa kwenda bila redio. Nikavalishwa kofia, gauni na glavu, nikaketishwa kwenye kigoda, mkono wake chini ya kitambaa mkononi mwangu. Kila Chungu ilipomalizika, nilitangaza. Nilitangaza mvua imenyesha Gulu, kwetu kaskazini. Nilitangaza mama wa chapati ameongeza yai. Daktari Mkuu hakuinua uso kwenye hadubini yake, ila mara moja aliuliza, "Na Mulago kuna habari gani?" Nikasema Mulago hawajambo, daktari anafanya kazi yake vizuri, asiongee. Katikati ya yote hayo Sajini alilala. Kwa Chungu! Akaanza kukoroma, kichwa kikataka kutikisika, ikabidi nimfinye. Mtu tuliyehangaika majuma matatu kumtuliza, mwisho ikawa kazi yangu ni kumzuia asitulie sana.

Kesho yake Sista alimfungua bandeji. Sajini akapepesa, akapepesa, akanitazama muda mrefu.

"Kumbe wewe ni mzee hivi," akasema. "Sauti yako ilikuwa ya msichana."

Akainua kidole gumba chake, akahesabu matundu moja moja kwa jicho lake mwenyewe, kisha akacheka.

Tangu hapo nilifanya kazi hivyo na wazee wote wa kambini. Niliwaeleza kabla: huu ni muziki tu, wameupiga watu walio hai, na ukiisha atasema Mama Okello. Wengine ulifaa, wengine haukufaa. Kuna mjane mmoja wa polisi alitaka fidla bila tangazo, kwa sababu siku ile redio ilipolia ndiyo siku mume wake mlevi hakurudi, na kwake ilikuwa faraja. Huyo naye nikamwandika wapi? Nilitafuta sheria, sikuipata. Apio anasema iko kwenye vitabu vyao, kwamba mgonjwa aulizwe kwanza anaposikia sauti fulani anakumbuka nini. Mjukuu wangu ana akili. Lakini mimi niliwauliza watu, na wengi walisema hawakumbuki kitu, huku mikono yao inabana kitanda. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na ni mfupi: msimtazame mgonjwa usoni, mtazameni mikono. Na tumbo lenu likiwaambia jambo, lisemeni kwa sauti, hata kama mliishia darasa la nne.

Nimestaafu sasa. Kliniki ina spika ndogo inayotii simu, inachagua yenyewe, haijui Chungu wala Kuku. Waliniaga kwa keki na kitenge, na Sista Msimamizi akacheka siku ya kazi. Sanduku la sidii nimeliweka juu ya kabati, na mashine ya kuzipiga imekufa.

Juzi mchana nilikuwa jikoni namenya matoke, redio inaongea peke yake kama kawaida. Ikakatika. Kimya. Halafu fidla, polepole. Kisu kikasimama mkononi. Simu ikalia, alikuwa Sajini, anapiga kutoka chini ya mwavuli wake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

Fidla kwangu, fidla kwake. Nilimsikia anavyopumua.

"Mama. Nani?"

Mimi nilikuwa sijui zaidi yake. Nikakohoa, nikaiweka sauti puani.

"Hii ni redio ya Nateete," nikasema. "Muhogo umefika. Hakuna aliyekufa. Askari wote wako nyumbani kwao."

Pumzi ile ndefu ikatoka kwenye simu. Nilipomaliza, ndipo mtangazaji mwenyewe akaanza. Alikuwa anauza magodoro. Tulicheka mpaka Sajini akaangusha kiatu cha mtu.

Nilipokata simu nikataka kuendelea na matoke, nikashindwa kushika kisu. Mkono wangu wa pili ulikuwa kifuani, umebana bahasha ya vyeti vya Apio. Inakaa chumbani, chini ya godoro. Nilikwenda kuitoa saa ngapi, sijui.